AHADI NI DENI: GATO YA NDEGE NYUMBANI KWETU

Ndugu wazazi, mama na baba wa kambi yetu ya Nyarugusu, mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya jambo la nyumbani, siyo la darasani. Wengi mnatujua sisi kama walimu wa kujitolea, wale wanaosimama mbele ya watoto mia na zaidi na kipande kimoja cha chaki. Lakini tukitoka shuleni, na sisi tuna nyumba, tuna wazee, na tuna watoto wenye maswali magumu kuliko yale ya darasani.

Leo tunapenda kuwasimulia juu ya gato, au keki kama wanavyosema ndugu zetu Watanzania, tuliyompikia mtoto wa dada yetu alipotimiza miaka sita, mwezi wa saba 2025. Tutaeleza jinsi ilivyopikwa, maana akina mama wengi wametuuliza. Na tutaeleza kwa nini ilipikwa. Hilo hawakutuuliza, lakini ndilo kubwa.

TAREHE MOJA, WATU WANNE

Nyumbani kwetu tuko watu wanane. Ukichukua karatasi yetu ya familia ukaisoma, utaona kwamba wanne kati yetu wamezaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Wasomaji hamtashangaa, maana na kwenu ni hivyo hivyo. Mtu asiyejua siku yake huandikwa tarehe hiyo, basi imekuwa siku ya kuzaliwa ya nusu ya kambi. Kaka yetu hutania kwamba kama tungesherehekea zote, ngano ya Kasulu nzima isingetosha kwa siku ile moja.

Koko wetu ameandikwa 1964. Yeye mwenyewe anasema tu kwamba alizaliwa wakati wa Mulele, yaani wakati wa ile vita ya 1964, mama yake akiwa amejificha porini katika milima ya Fizi. Siku hawaijui, mwezi hawaujui. Wanajua tu kwamba mihogo ilikuwa haijakomaa.

Mtoto wa dada yetu yeye ni tofauti. Alizaliwa hapa kambini, katika kliniki, tarehe 19 mwezi wa saba 2019, saa kumi ya alfajiri. Siku imeandikwa, saa imeandikwa, na uzito umeandikwa. Katika ukoo wetu mzima yeye ndiye wa kwanza ambaye hakuna anayebishana juu ya siku yake. Dada yetu ameiweka ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya kopo la maziwa, na kopo liko juu kabisa, mahali mchwa hawafiki.

Koko mwanzoni hakuona maana ya jambo hili. Alisema, "Siye hatukukuwa na mambo ya anivereseri. Mutu alikuwa anazaliwa, anakula, anakomaa, basi." Lakini tulimwona kila mwaka ikifika tarehe 19 anamwita mtoto, anampima kwa fimbo yake, kisha anakata alama ndogo kwenye mti wa mlango. Alama ziko tano. Tukamwambia, "Koko, hiyo nayo ni anivereseri." Akacheka, hakujibu.

JINSI AHADI ILIVYOINGIA NYUMBANI

Kwa miaka mingi Koko, dada yetu na mtoto walikuwa katika orodha ya kwenda nchi ya tatu, Marekani. Mnajua safari hiyo inavyokwenda. Kuna usaili wa kwanza, wa pili na wa tatu, alama za vidole, picha, kisha kungoja. Mwaka 2024 walifika kwenye kupimwa afya. Nyumba iliyofika kwenye kupimwa afya, majirani wanaanza kuitazama kama nyumba ya wageni.

Basi vitu vikaanza kutoka. Baiskeli iliuzwa. Godoro moja lilipewa mjane wa kijiji cha pili. Sufuria kubwa, ile ya kupikia ugali wa matanga, alipewa jirani yetu mama Mrundi, ambaye tumeishi naye mlango kwa mlango tangu walipokuja kwa wingi 2015.

Na mtoto naye alikuwa anasikia. Kila mtu aliyepita uani alikuwa na neno la kumwambia. Mmoja anasema, "Utaniletea nini?" Mwingine anasema, "Huko watoto wanakula gato kila anivereseri, na wanatengenezewa ya sura wanayotaka, ya gari, ya mpira." Mtoto akauliza kama wanatengeneza na ya ndege. Akaambiwa, ya ndege ndiyo kabisa, yenye mabawa, na utaila ukitimiza sita. Na wengine kwa utani, akiwa analia kwa homa au kwa njaa, walimwambia, "Nyamaza wewe, ukilia ndege itakuacha."

Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Habari ilifika kwa simu, ikafika kwa redio, halafu ikafika kwa midomo. Kesi zikabaki pale zilipofikia. Watu wazima tulielewa, tukakaa kimya. Koko alichukua jembe akaenda kupalilia matembele yake kama siku zote.

Tangu siku hiyo neno "ndege" lilihama nyumbani kwetu. Hakuna aliyelikataza, lakini hakuna aliyelitamka. Ikipita angani, tunatazama chini kama waliodondosha sindano.

Mtoto peke yake hakuhama. Yeye hakujua mambo ya mwezi wa kwanza. Yeye alijua mwezi wa saba. Ulipofika mwezi wa sita akaanza kuuliza kila asubuhi, "Zimebaki siku ngapi?" Na kwa kuwa sisi wenyewe tulimfundisha kuhesabu, hatukuweza kumdanganya.

MKUTANO WA JIKONI

Jioni moja mtoto alipolala tulikaa jikoni watu wakubwa. Kaka yetu alisema ukweli wake: mgao umepunguzwa mara nyingi, mafuta ni machache, sukari hatupewi, tunanunua. Kupika gato ni kula ya wiki mbili kwa siku moja. Alisema hivyo bila ubaya, maana yeye ndiye anayekwenda kutafuta kibarua.

Dada yetu yeye hakusema juu ya mafuta. Alisema, "Pikeni mukipenda. Lakini ya ndege, hapana. Nitaikata namna gani?"

Hapo ndipo Koko aliposema neno ambalo tumelifanya kichwa cha habari hii: ahadi ni deni. Tukamwambia, "Koko, hatukuahidi sisi, waliahidi wapita njia. Na deni la kwenda Marekani hatuwezi kulilipa." Koko akasema, "Mutoto hawadai safari. Anawadai gato. Musichanganye deni la wakubwa na deni la mutoto. Na deni likiahidiwa uani kwangu, ni la nyumba yangu."

Tukanyamaza. Ni kweli, sisi ndio tuliokuwa tunalia safari. Mtoto alikuwa anataka unga, sukari, na mabawa mawili.

Baada ya muda dada yetu akasema polepole, "Basi itengenezeni ile ndege ya Mungu. Ile yenye manyoya." Tulifurahi kwamba katika lugha yetu neno ni moja. Anayeruka kwa manyoya ni ndege, na inayoruka kwa mafuta ni ndege. Tukakubaliana: gato ya ndege wa porini.

VITU VILIPOTOKA

Mafuta tuliyaweka kidogo kidogo. Kila siku tulipopika maharage tulipunguza kijiko kimoja tukakiweka kwenye chupa, na baada ya wiki tatu ilikuwa imepita nusu kikombe. Haba na haba hujaza kibaba, tunaisema kila siku darasani, ila safari hii tuliila kwa maharage makavu.

Sukari na ngano tulinunua kwa posho ya ualimu. Limao lilitoka shambani kwa rafiki. Karanga kaka yetu alilipwa kwa kibarua cha kuvuna. Mayai matatu tulipewa na mama Mrundi, na sisi tukamwandikia barua mbili kwa ndugu zake.

Na sufuria? Ndiyo hiyo hiyo tuliyompa. Tulikwenda kwake kwa aibu kidogo, maana kitu kilichotolewa hakiombwi. Kabla hatujamaliza kusema, alikuwa ameshaitoa nje, imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa. Akasema, "Hii sufuria yenu ilikuwa inalala tu kwangu. Nilijua iko siku mtakuja." Hatukujua tumjibu nini. Tulimwambia ahsante, na kwamba kipande chake tayari kimehesabiwa.

JINSI YA KUPIKA BILA OVENI

Sasa tueleze, na anayetaka achukue kalamu.

Vipimo vyetu vilikuwa hivi. Unga wa ngano vikombe viwili, na unga wa mahindi wa mgao uliochekechwa kwa kitambaa chepesi kikombe kimoja. Sukari kikombe kimoja. Mafuta nusu kikombe. Mayai matatu. Maziwa au maji vuguvugu kikombe kimoja. Beking pauda vijiko vya chai vitatu. Chumvi kidogo sana, na ganda la limao lililokwanguliwa. Kikombe ni kile cha chai cha kawaida, lakini kiwe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, usibadilishe katikati.

Unga wa mahindi tuliutia kwa sababu ndio tulio nao, lakini una faida yake: gato inakuwa na rangi nzuri na inakatika bila kunata. Usizidishe, maana mahindi hayana ule mvuto wa ngano unaoshika hewa, na gato itapasuka kama udongo wa kiangazi.

Kama huna beking pauda, tumia magadi soda kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na vijiko vikubwa viwili vya maji ya limao. Magadi yakikutana na ukali wa limao yanatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua gato. Ndiyo maana usiyatie bila kitu kikali. Hayataumua vizuri, na gato itanuka sabuni. Hamira ile ya maandazi ni kitu kingine. Ile ni hai, inataka kungoja saa nzima na zaidi, na inakupa mkate, siyo gato.

Kwanza tayarisha moto kabla ya kuchanganya. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole vitatu. Mchanga ukiwa na maji utakula kuni zako bure. Funika, weka jikoni dakika kumi na tano hivi mpaka mchanga uwe wa moto sawasawa. Mchanga unashika moto na kuutoa polepole pande zote, ndiyo maana gato haiungui chini kama ingekaa juu ya moto wenyewe.

Wakati huo piga mayai na sukari kwa mwiko au kwa uma mpaka yawe meupe na mazito. Sisi tulipokezana watu watatu, mikono inachoka. Tia mafuta, tia maziwa, kisha unga uliochanganywa na beking pauda. Hapo usipige tena kwa nguvu, geuza tu mpaka unga mkavu usionekane. Na usiache ikae, kwa sababu beking pauda inaanza kazi mara inapoguswa na maji. Gato iliyongoja moto ni gato iliyokwisha kuchoka.

Mimina katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, isijae zaidi ya nusu. Iweke juu ya mchanga, funika ile kubwa, na juu ya mfuniko weka makaa yanayowaka. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi kidogo. Usifunue kabla ya nusu saa, hata kama harufu inakuita. Ukifunua mapema hewa baridi inaingia na katikati inashuka. Baada ya dakika arobaini hivi choma kwa njiti safi ya ufagio. Ikitoka kavu, imeiva. Ikitoka na uji, ongeza dakika kumi. Na watoto wasikae karibu, mfuniko wenye makaa siyo mchezo.

MKATO WA NDEGE

Hapa ndipo watu wanapodhani kuna uchawi, lakini hakuna. Gato yako ni ya mviringo. Iache ipoe kabisa. Ikiwa moto itabomoka. Kata mistari miwili iliyonyooka, mmoja kushoto na mmoja kulia, ili katikati ubaki mkanda mpana wa vidole vinne hivi. Mkanda huo ndio mwili. Vile vipande viwili vya pembeni, vyenye upande mmoja ulionyooka na upande mmoja wa mviringo, ndivyo mabawa. Viweke kila kimoja ubavuni mwa mwili. Kisha mwisho mmoja wa mkanda kata pembe zote mbili uwe na ncha, huo ni mdomo. Zile pembe ndogo ulizokata zipeleke nyuma, ndizo mkia. Hakuna kilichotupwa.

Kaka yetu alisimama akatazama, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini jamani, hii ni ile ile." Ni kweli. Mkato ni mmoja. Ukipaka manyoya ni ndege wa porini, ukipaka madirisha ni ndege ya kusafiria. Dada yetu alikuwa amesimama mlangoni, naye aliona. Hakusema kitu. Alichukua kisu akazungusha ncha za mabawa zikawa laini.

Rangi tulitengeneza wenyewe. Sukari tuliitwanga katika kinu kikavu, tukaichekecha kwa kitambaa, tukaitwanga tena mpaka ikawa kama unga. Tukaikoroga na matone ya maji ya limao, matone tu, maana ukizidisha inakuwa chai. Sehemu moja tuliiacha nyeupe. Nyingine tulitia manjano kidogo kwa ncha ya kisu, ikawa kama jua. Nyingine tulitia maji ya viazi vyekundu vya bitiruti, ikawa ya waridi. Tulipaka kwa nyuma ya kijiko. Karanga tulizipasua nusu tukazipanga mgongoni kama manyoya. Macho yalikuwa maharage mawili meusi, tuliyoyatoa kabla ya kula. Na mwenye watoto chini ya miaka mitano asitumie karanga nzima nzima, zinaweza kumkaba mtoto. Asage aziweke juu.

SIKU YENYEWE

Walikuja watoto kumi na wanane na watu wazima kumi hivi. Hatukualika, ila harufu ilialika. Mshumaa ulikuwa mmoja, ule wa usiku wa kawaida. Tukaimba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na mama Mrundi akamalizia kwa Kirundi.

Mtoto alisimama mbele ya sinia. Akatazama muda mrefu, kisha akauliza, "Hii ni ndege gani?"

Mama yake akamjibu, "Ni ile ya porini, papa. Ile yenye manyoya."

Akafikiri. Akasema, "Iko muzuri. Lakini batu banakaa wapi?"

Kabla mtu hajajibu alinyosha mkono, akang'oa karanga moja, akaipanda juu ya shingo ya ndege. "Huyu Koko, anakaa mbele." Akapanda nyingine. "Huyu mama." Akaendelea hivyo, akatupanda sote, mmoja mmoja, hata mama Mrundi, hata mbuzi wake. Watoto wenziwe nao wakataka nafasi. Mgongo wa ndege ukajaa. Watu walicheka, na sisi tulicheka.

Halafu akageuka akauliza, bila kulia, kama mtu anayeuliza saa, "Na ile ya Marekani, ilituacha kwa sababu nililia?"

Ndugu wasomaji, kelele zote ziliisha. Tulihesabu baadaye: kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa saba ni miezi sita. Mtoto alikuwa anajua. Alikuwa amesikia, ameelewa kwa namna yake, akabeba neno lile la utani kama mzigo wa kuni kichwani, peke yake, bila kumwambia mtu. Na tukakumbuka kwamba miezi ile alipata malaria mara mbili na hakulia. Tulikuwa tunamsifu kwa watu kwamba amekuwa mkubwa.

Dada yetu alipiga magoti mbele yake palepale. Akamwambia, "Hapana, papa yangu. Ile ndege haikusimama kwa sababu ya mutoto. Wakubwa wa mbali ndio waliisimamisha, kwa watu wengi sana, hata wale wasiolia. Kama itaondoka siku moja, sijui. Kama haitaondoka, sijui. Lakini siyo wewe. Na ukiumwa, lia. Mimi nataka nisikie."

Mtoto akamtazama Koko, kama wanavyofanya watoto wakitaka ushahidi wa pili. Koko akatikisa kichwa kukubali. "Mama yako anasema kweli. Mimi mwenyewe nimelia mara mingi, na nimevuka ziwa zima bila kuachwa."

Basi mtoto akasema, "Sawa. Tukate." Dada yetu, yule aliyesema hataweza kuikata, ndiye aliyekata. Vipande vilikuwa thelathini na mbili, vidogo kama kiberiti, na kila mtu alipata. Kisha Koko alimsimamisha mtoto mlangoni, akampima kwa fimbo, akakata alama ya sita.

TUNALOWAAMBIA WAZAZI

Tukiwa walimu tunaona mambo haya kila siku. Ukiwapa watoto karatasi wachore wanachotaka, wengi wanachora ndege. Wapo wanaoacha kuandika mazoezi kwa kuwa wameambiwa wanaondoka karibuni, na daftari la mwaka mzima linabaki jeupe. Wapo wanaolala mezani, na ukiwauliza wanasema nyumbani watu hawasemi tena. Mtoto asiyeambiwa kitu hakai bila jibu. Anajitengenezea jibu lake mwenyewe, na mara nyingi jibu lenyewe ni kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Kwa hiyo, wapendwa, tunawaomba mambo manne.

La kwanza, tusitumie safari kama fimbo. Iwe ya kwenda nchi ya tatu, iwe ya kurudi nyumbani, tusimwambie mtoto kwamba itamwacha akilia, akikojoa kitandani, au akishindwa mtihani. Na akisikia jirani anasema hivyo kwa utani, mzazi amsahihishe jirani hapo hapo, mtoto akisikia.

La pili, habari mbaya zikifika, mtoto apewe sehemu yake, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Mtoto wa miaka sita hahitaji kujua mambo ya serikali. Anahitaji kujua mambo matatu: nini kimetokea, siyo kosa lake, na nani atakaa naye. Na kama hujui kitakachofuata, mwambie hujui. Neno "sijui" likitoka kwa mama aliyekaa karibu linamtuliza mtoto kuliko uongo mtamu.

La tatu, tuzitunze siku zao. Watoto wetu waliozaliwa hapa wana tarehe za kweli, jambo ambalo wengi wetu hatukulipata. Karatasi ya kliniki ihifadhiwe mahali pakavu, na nakala iwekwe kwa mtu mwingine mnayemwamini. Mtoto afundishwe siku yake, mwezi wake na mwaka wake kabla ya kuingia darasa la kwanza. Tunaandikisha watoto kila mwaka, na tunajua mtoto anavyonyosha shingo akiulizwa tarehe na kuijibu mwenyewe.

La nne, tusingoje maisha yaanze kwingine. Siyo lazima gato. Kuna nyumba jirani ambayo mwezi uliofuata walimchongea binti yao ugali wenye sura ya samaki, na mtoto alifurahi vilevile. Kuna baba alimwimbia mtoto wake tu, akambeba mabegani mpaka bombani na kurudi. Mtoto anataka kuona kwamba siku yake imeonekana.

Tangu siku ile neno "ndege" limerudi nyumbani kwetu. Likipita moja angani mtoto anapunga mkono, na sisi tunatazama juu. Dada yetu amenunua godoro, siyo jipya, lakini ni godoro. Koko amepanda mwembe nyuma ya jiko, na tulipomwambia kwamba mwembe unachukua miaka kuzaa, alijibu kwamba na yeye hana haraka.

Ile sufuria kubwa tulitaka kuirudisha kwa mama Mrundi, akakataa. Na sisi tukakataa. Mwishowe tumekubaliana ikae katikati, chini ya paa lake siku za mvua na kwetu siku za jua, pamoja na mchanga wake uliochekechwa. Mpaka tunapoandika, imeshapika gato ya mpira, ya nyumba, na moja iliyokusudiwa kuwa ng'ombe, ingawa watoto walisema ni kiboko. Mwenye mtoto ambaye siku yake inakaribia aje aiazime. Aje na kuni zake, na airudishe imesuguliwa.